Binti yangu amepangiwa Africa Hall, Makerere. Mliokaa huko, nielezeni mila za mabweni yale

Fundi Milango, Langoni

Assalamu alaykum jamaa.

Mimi ni fundi wa milango hapa Lamu, karakana yangu iko Langoni. Huwa nasoma tu humu, siandiki, lakini nina jambo limenikaa rohoni na hapa mjini sijapata wa kunieleza likaniingia.

Binti yangu wa pili amepata nafasi Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Alhamdulillahi. Barua ilipokuja tuliisoma mara tatu nyumbani, mamake akalia, mimi nikatoka nikaenda kukaa barazani peke yangu. Ndani ya barua pameandikwa kwamba yeye ni wa Africa Hall. Nikamwuliza, ndicho chumba ulichopewa? Akanambia si chumba, baba, ni bweni ninalohesabiwa, kitanda kitajulikana baadaye na huenda nisikipate. Hapo ndipo nilipopotea. Mtu atahesabiwaje wa nyumba ambayo hana kitanda ndani yake?

Juzi jirani yangu, aliyewahi kuendesha lori mpaka Kampala miaka mingi, akanikuta nachonga akanambia mambo mengine. Kwamba mabweni ya pale yana mila zake, yana nyimbo, yana serikali yake, na bweni la wasichana hufungishwa udugu na bweni la wavulana. Kwamba kuna sanamu ya chuma inaitwa Gongom, vijana huibeba mabegani na kuizungusha. Mimi ni mtu wa sala, binti yangu kalelewa chuoni kwa maalim kabla hajajua skuli. Sikulala usiku ule.

Sitaki kumzuia. Nataka kujua. Mlango siuchongi mpaka nijue nyumba ni ya nani, nani aliijenga na nani ataingia kwa mlango huo. Sasa mwanangu anaingia nyumba ambayo mimi sijui hata jina lake limetoka wapi. Aliyekaa huko, wa zamani au wa sasa, anieleze taratibu. Hata jambo dogo usilione dogo.

---

Binti Malindi

Shikamoo baba, na hongera sana kwako na kwa mamake.

Mimi ni wa Malindi, Shela, na nimekaa Africa Hall miaka mitatu, nikamaliza 2014. Kwa hiyo hayo ninayoandika nimeyaishi.

Nianze na la kitanda. Makerere kila mwanafunzi huandikwa kwenye bweni, anayelala ndani na anayelala nje. Vitanda ni vichache, wanafunzi ni wengi sana, ndiyo maana wengi hupanga hosteli za watu binafsi Kikoni, Wandegeya au Nakulabye. Lakini hata akilala Kikoni, binti yako atakuwa mtu wa Africa Hall. Atapiga kura ya viongozi wa bweni pale, atachezea timu ya bweni pale, na akipata tatizo, mlezi wa bweni ndiye mtu wake wa kwanza. Kwa kwetu ni kama mtu wa mtaa aliyehamia kwingine: harusi na matanga yake bado ni ya mtaa ule.

Siku zangu wasichana tulikuwa na mabweni matatu: Africa, Mary Stuart, na moja tuliloliita Complex. Mary Stuart ni lile jengo refu, na wenyewe hulipa jina la Box. Ya wavulana yalikuwa Livingstone, Lumumba, Mitchell, Nkrumah, Nsibirwa na University Hall.

Huo udugu aliosema jirani yako ni kweli, lakini si kama ulivyousikia. Mary Stuart walikuwa na Lumumba, wakajiita Lumbox. Sisi wa Africa tulikuwa na Livingstone, tukaitwa Afrostone. Maana yake ni kwamba kwenye michezo mnashangiliana, wiki ya wanafunzi wapya mnaimba pamoja, na kwenye sherehe zao mnaalikwa. Watu wa Livingstone wanajiita mabwana waungwana, na wanajitahidi kwelikweli kuvaa na kusema kwa adabu, ni sifa yao ya miaka mingi. Hakuna aliyenilazimisha kwenda sherehe hata moja. Nilikuwa navaa buibui langu, nikienda nikitaka, nikibaki nikitaka.

Kuna pia desturi ya wavulana kuja kukaa bwenini kwetu jioni kuzungumza na wasichana, imepewa jina la benchi kwa sababu ni kukaa benchini. Nakwambia wazi, baba, kwa sababu umetaka kujua. Binti mwenye msimamo hukaa chumbani kwake akasoma na mgeni akarudi alikotoka.

Gongom ni wa Lumumba, si wa Africa Hall. Ni umbo la mtu lililoungwa kwa chuma, wakalifanya alama ya bweni lao. Hulitoa wakati wa sherehe zao na wakati wa migomo. Haliombwi, halitolewi sadaka, wala hakuna anayeliamini. Hata mimi mara ya kwanza kuliona nilisoma Ayatul Kursi, nikapita upande wa pili wa barabara. Baadaye nikaona ni vyuma tu na kelele za vijana.

---

Kijana wa Faza

Salamu mzee. Mimi niko Makerere sasa hivi, mwaka wa pili, nimeandikwa Mitchell lakini nalala Kikoni.

Naongezea mawili. Msikiti uko ndani ya chuo na kuna jumuiya ya wanafunzi Waislamu, MUMSA, wao humpokea mwanafunzi mpya, na dada zetu wana shughuli zao wenyewe. La pili, wiki ya kwanza ni kelele. Kila bweni lina waziri wa utamaduni anayewafundisha wapya nyimbo, na baadhi ya nyimbo zina maneno ambayo huwezi kuyaimba mbele ya mzazi. Mwambie akae nyuma, apige makofi, asiimbe asichokitaka. Hakuna atakayemfuata.

---

Mzee wa Mkomani

Wa alaykum salaam, mwanangu fundi. Mlango wa nyumba ya ndugu yangu pale Mkomani nadhani ni wa baba yako, kama wewe ndiye ninayekudhania. Nimesoma yambo lako jana baada ya isha, leo nimetoka alfajiri msikitini nikakaa kukuandikia. Mjukuu ndiye anayepiga herufi, maneno ni yangu.

Nilikuwa Makerere tangu Julai 1966 hadi 1969, nikisoma historia. Wakati huo hakukuwa na chuo kikuu cha Kenya peke yake wala cha Tanzania peke yake. Tangu 1963 kilikuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimegawanywa mahali patatu. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, wa udaktari alikwenda Makerere. Mimi nilipelekwa Makerere.

Julai ni kusi, jahazi halishuki Mombasa kirahisi, na kwa ndia ya nchi kavu shifta walikuwa bado msituni. Nikapita nchi kavu hivyohivyo, Mokowe, Witu, pantoni ya Garsen, Malindi, pantoni ya Kilifi. Kutoka Mombasa nikapanda treni. Usiku wa pili treni ilipanda Timboroa na mimi nina shati moja na kikoi. Abiria mmoja asiyenijua alinifunika nusu ya blanketi lake mpaka Eldoret. Asubuhi ya pili tukavuka Nile pale Jinja. Nilifika Kampala miezi miwili baada ya kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo kushambuliwa na jeshi, mji bado unazungumza kwa sauti ya chini. Kijana wa miaka ishirini kutoka Lamu, hajui Kiganda neno moya.

Bweni langu likiitwa Northcote. Sambe ukumbi, mwanangu, kwa kuwa wameandika Hall. Ni bweni, na bweni ni neno letu wenyewe la pwani, nyumba walimolala vijana wasiooa na wasioolewa. Wazungu walileta matofali, lakini jambo lenyewe tulikuwa nalo. Na hapa Lamu tuna jingine kubwa kuliko hilo, ni dakhalia ya Riyadha, bweni la wanafunzi wa dini. Habib Swaleh alipoanza kufundisha Langoni, mwishoni mwa karne ya 19, aliwafundisha hata wale ambao mji haukuwapa nafasi ya kusoma, na wanafunzi wakaanza kuja kutoka mbali, bara na visiwani. Mimi nikiwa mdogo mamangu alikuwa akinituma na sinia la chakula kwa wanafunzi wa dakhalia. Nililibeba kichwani, nikipita vichochoroni, naogopa kugongana na punda. Sikuwauliza majina yao. Nilijua tu kwamba ni wageni wa elimu, na mgeni wa elimu halali njaa katika mji wetu.

Nimekuambia habari ya sinia kwa sababu nitairudia.

Northcote palikuwa na adabu nyingi za kigeni. Tulikuwa na majoho mekundu, na kwenye chakula rasmi cha usiku tuliingia nayo, walimu wakikaa meza ya juu na sisi chini, watu wakisimama mpaka dua yao isomwe kwa Kiingereza. Mara ya kwanza nilihisi nimevalishwa nguo ya mtu mwingine. Mara ya tatu nikazoea. Chakula kilikuwa matoke na maharage na mchuzi wa karanga, siku baada ya siku, na mimi nilitamani wali wa nazi na samaki mpaka naota. Niliyekaa naye chumbani alikuwa Muganda wa Masaka. Novemba alirudi kutoka kwao na nsenene, wale panzi wao, wamekaangwa. Akaona nasita. Nikakumbuka kwamba nzige ni halali kwetu, nikala, akafurahi mpaka akawaita wenzake waje waone.

Mabweni yalishindana kwa mpira, lakini Northcote ilisifika pia kwa tamthilia. Kulikuwa na mashindano ya maigizo kati ya mabweni, kila bweni lilete mchezo wake. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi wa Northcote kabla yetu, na alianza kuandika michezo kwa ajili ya mashindano hayohayo. Sisi tulimkuta ameshaondoka lakini habari zake zilikuwa zikizungumzwa kama za kaka aliyetoka nyumbani jana. Nami nilicheza mchezo mmoja, nafasi ya mzee asiyesema kitu. Nikiwa kule pia ndipo nilipomsikia Ali Mazrui. Alikuwa hajafika miaka 35, profesa tayari, mtoto wa Mombasa, anasimama mbele ya watu wa mataifa yote na kusema Kiingereza kilichowanyamazisha. Usiku ule mimi na vijana wengine wawili wa pwani tulitembea kutoka jengo kuu hadi bwenini hatusemi, kila mmoja ana furaha yake kifuani.

Sasa sinia. Mwaka 1968 Ramadhani iliingia mwishoni mwa Novemba, na sisi tulikuwa bado masomoni. Waislamu bwenini tulikuwa wachache, na jiko lilifungwa mapema. Siku mbili za kwanza tulikula daku ya mkate mkavu na mayi. Siku ya tatu mpishi mkuu, mtu mzima, Mkristo wa pale Kampala, alituita mlango wa nyuma wa jiko. Hakutuuliza mengi. Alikuwa amefunga matoke kwa majani ya migomba na kuyaweka juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, akatuonyesha mahali pa kuchukua usiku. Akafanya hivyo mpaka mwezi ulipoandama. Usiku wa kwanza nilipokifungua kile kifurushi na mvuke ukatoka nililia, mwanangu, nakwambia bila haya. Nilimwona mamangu mlangoni ananitwika sinia. Hakuna aliyemwandikia mpishi yule kufanya vile, hakuna kanuni ya bweni iliyosema. Kwangu mimi hiyo ndiyo mila ya bweni. Majoho sijui yako wapi leo, lakini hili lingali nami na nina miaka themanini.

Umeuliza pia jina. Umeuliza sawasawa, na hapa nitakaa kidogo maana lina uchungu kwangu.

Tazama majina ya mabweni ya zamani. Livingstone, msafiri wa Kiskoti. Mitchell ni Sir Philip Mitchell, aliyekuwa gavana wa Uganda kutoka 1935 hadi 1940, kisha akatutawala sisi Kenya kutoka 1944 hadi 1952. Northcote ni Sir Geoffry Northcote, aliyekuwa gavana wa Hong Kong, akaja kuwa mwenyekiti wa baraza la Makerere. Mimi nimelala miaka mitatu chini ya jina la gavana wa Hong Kong na sikuuliza ardhi yenyewe ilitoka kwa nani.

Nilikuja kujua nikiwa nimeshakuwa mwalimu. Makerere ilianza 1922 na wanafunzi 14 wa kutwa, wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Ndiyo, mwanangu fundi, chuo kile kilianza na kazi yako, randa na patasi. Kilipotaka kukua kikahitaji ardhi zaidi, na ardhi ni ya Buganda. Waganda wengi waliogopa kwamba Mwingereza akipewa kipande leo kesho atachukua kilima chote, na hofu yao ilikuwa na sababu, sisi wa pwani tunaijua hofu ya ardhi. Waziri mkuu wa Buganda, Katikkiro Martin Luther Nsibirwa, akaupitisha mpango wa ardhi ya chuo. Tarehe 5 Septemba 1945, asubuhi, akipanda ngazi za kanisa kuu la Namirembe, akapigwa risasi akafa.

Zikapita karibu miaka hamsini. Vijana wa Northcote wa zama za baadaye wakaligeuza bweni kama kambi ya jeshi, na vyeo vya majenerali na makamanda, fujo zikazidi, mpaka uongozi wa chuo ukalifuta jina la Northcote. Jina lililokuja ni Nsibirwa. Wenzangu wa zamani wengine walikasirika, wakasema mmetufutia ujana wetu. Mimi sikukasirika. Nilikaa nikafikiri juu ya mtu aliyelipa damu ili mimi mtoto wa Mkomani nipate chumba, na jina lake halikuwako ukutani hata kwa chaki siku zangu zote. Nikawaandikia wenzangu hivyo. Wengine hawakunijibu mpaka leo.

Na kwa kuwa unampeleka binti, jua hili pia. Chuo kile kilikuwa na kaulimbiu isemayo na tuwe wanaume. Mwaka 1945 wakaingia wasichana sita. Kaulimbiu ikabidi ibadilishwe, ikawa tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Huyo Mary Stuart aliyepewa bweni la kwanza la wasichana alikuwa mke wa askofu, na alilipigania jambo la wasichana kusoma pale. Siku zangu wasichana walikuwa wachache, na wa kutoka pwani yetu sikumwona hata mmoja. Kwa hiyo usinambie una wasiwasi tu. Mimi nimesubiri kuisikia habari hii muda mrefu.

---

Fundi Milango, Langoni

Mzee wangu, mlango wa Mkomani ni wa marehemu babangu, Allah amrehemu, mimi nilimshikia ubao. Nimeyasoma maneno yako kwa sauti hapa karakanani, vijana wangu wakaacha tupa na nyundo wakasikiliza. Mamake nilimsomea la daku, na yeye amesema tangu leo sinia la Riyadha litatoka tena nyumbani kwetu kila Alhamisi, maana tulikuwa tumeacha.

Binti wa Malindi, marahaba, na nakushukuru kwa kunieleza la benchi bila kunificha. Nimezungumza na binti yangu, akacheka, akasema anajua tayari.

Limebaki moja. Mzee ameeleza majina ya watu: Mitchell, Northcote, Nsibirwa. Africa si jina la mtu. Hakuna mtu wa nyumba ile ambaye binti yangu anapaswa kumjua?

---

Binti Malindi

Yuko, baba. Nilisita kumtaja mara ya kwanza kwa sababu habari yake ni nzito na sikutaka kukuongezea hofu. Lakini Mzee ametufungulia mlango, na wewe umeuliza.

Anaitwa Theresa Nanziri. Alikuwa mwalimu wa hisabati Makerere na mlezi wa Africa Hall wakati wa Idi Amin. Mwanzoni mwa 1976 msichana mmoja Mkenya, mwanafunzi wa Makerere, alitoweka akiwa njiani kurudi nyumbani, uwanja wa ndege wa Entebbe. Hakuonekana tena. Kenya ikauliza. Ikaundwa tume, na Nanziri akatakiwa atoe ushahidi utakaoisafisha serikali. Alijua ukweli kwa kuwa mlezi wa bweni anajua nani yuko na nani hayuko. Akakataa kusema uongo. Juni 1976 akachukuliwa, akauawa. Alikuwa mja mzito, karibu kujifungua.

Nilipewa habari hii na mwanafunzi mwenzangu mwaka wa kwanza, usiku umeme umekatika, tumekaa ngazini. Baada ya hapo kila nilipopita mlango wa ofisi ya mlezi nilisimama kidogo. Mimi ni Mkenya. Yule mama hakuwa ndugu yetu, hakuwa wa dini yetu, wala hakuwa wa nchi yetu, na msichana aliyeulizwa habari zake hakuwa mwanawe. Angeweza kutia sahihi akarudi nyumbani akazaa.

Mila za nyimbo na za vyeo binti yako atazikuta na zitabadilika. Hili namwomba alijue kabla hajafika, amsomee mama huyu dua ya shukrani kwa namna yake, na awaambie wa chumba chake, maana wako wanaokaa mle miaka mitatu na hawajui.

Uganda ya leo si ya 1976, baba, usiichanganye. Mimi nimetembea Kampala usiku na mchana.

---

Mzee wa Mkomani

Nilikuwa nafundisha Mombasa mwaka ule. Wanafunzi wa Kenya wa Makerere wakarudi makwao wengi, wengine na begi moja tu. Habari ya msichana yule tuliisoma kwenye gazeti, ya mlezi sikuijua vizuri mpaka leo hii. Ahsante, mwanangu wa Malindi. Nimemwambia mjukuu anisomee mara mbili.

Nsibirwa wamempa bweni. Huyu mama naye naona anastahili jina lake liandikwe juu ya mlango wa nyumba aliyoilinda, kubwa, la kusomeka kutoka barabarani. Kama kuna wa Makerere anayesoma hapa na ana sauti pale, alibebe.

---

Kijana wa Faza

Nimelibeba, Mzee. Kuna dada watatu wa Africa Hall kwenye jumuiya yetu, jioni nitawapelekea mjadala huu.

---

Fundi Milango, Langoni

Nimenyamaza siku mbili, mnisamehe. Nilikuwa nimeanza kumchongea binti yangu kasha la mninga la kuwekea nguo, lenye maua ya Kiamu mbele. Nimeliacha. Kama vyumba ni vya kugawana, kasha litawabana wenzake na mwanangu asianze kwa kuwabana wenzake.

Nitamchongea marufaa ya msahafu, ya kukunja, ubao mmoja usio na kiungo, kama alivyokuwa akichonga babangu. Kwenye ubavu wa ndani, mahali ambapo hapaonekani mpaka ufungue, nataka niandike jina la yule mlezi kwa herufi ndogo. Binti yangu amekubali.

Binti wa Malindi, naomba unieleze meza za Africa Hall zina upana gani, ili nisichonge kubwa akakosa pa kuweka daftari. Anaondoka wiki tatu zijazo, na mti tayari nimeuloweka.

---

Binti Malindi

Baba, meza yangu ilikuwa nyembamba, imesukumwa ukutani chini ya dirisha, na juu yake nilikuwa na taa na vitabu. Shubiri moja na nusu yatatosha. Yakikunjwa atayatia chini ya mto.

Jina liandike hivi: Nanziri, kwa z moja.